Ameitika

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Mwalimu Njagi lilikuwa kuoshwa kwa jiwe.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu baada ya mazishi ya mkewe, Makandi. Shemeji yake, Mbaabu, alifika akisukuma toroli kutoka timboni, machimbo ya mawe yaliyo kule bondeni chini ya Karurumo, unapoteremka kwenda Ishiara. Ndani mlikuwa na vitu vitatu: nyundo ya Makandi, mpira wake, ile pete iliyokatwa kwenye tairi kuukuu ambayo wanawake wa kokoto hulizungushia jiwe ili vipande visiwarukie machoni, na jiwe pana jeusi ambalo Makandi alikuwa akipondea kokoto juu yake kwa miaka saba. Katikati ya jiwe hilo palikuwa na kishimo cha kutosha nusu kikombe cha maji. Hakikuchongwa na mtu. Kilitokana na nyundo yake, pigo juu ya pigo.

"Hii jiwe nimeona isikae kule," Mbaabu alisema. "Watu wataikalia ovyo. Ni ya dada yangu."

"Umefanya vizuri," Njagi alijibu.

Ciakuthii, binti yake wa pekee, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kusubiri barua ya chuo, alileta maji na brashi ya kufulia. Alilisugua jiwe mpaka maji meupe yakawa safi, akaliegemeza kando ya mlango wa jikoni. Kisha wakanywa chai. Mbaabu alitia sukari vijiko vinne.

"Mjomba, hiyo ni chai ama ni sharubati?"

"Wewe endelea kunihesabia. Nitakutafutia bwana mwenye mizinga ya nyuki, tuone utamhesabia nini."

Walicheka wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu Mbaabu akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, Gitobu amenipatia mpaka Jumatatu ile ingine. Kama sitakuwa na mtu wangu chini, nitoke kwa uitaji."

Gitobu ndiye mwenye timbo. Njagi alilijua sharti hilo, nalo lilikuwa la zamani kuliko Gitobu. Wanaume hukaa juu ya mwamba, wakibandua mawe kwa mitalimbo. Wanawake hukaa chini, wakiyaponda kuwa kokoto. Kati yao husimama mtu mmoja, mwitaji. Kabla jiwe halijashushwa, mwitaji humwita kila mwanamke kwa jina, naye huitika na kujitenga. Na kwa kuwa timbo lina Waembu, Wambeere na Wameru, wasiokubaliana hata jina la muhogo, wito hufanywa kwa Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: mwitaji lazima awe na mtu wa damu yake miongoni mwa wanawake wa chini. Mtu hatupi jiwe juu ya chungu chake mwenyewe, walisema.

Mwitaji wa zamani alipozeeka, Makandi ndiye aliyemleta kaka yake kutoka Meru, alikokuwa akibeba magunia sokoni Gakoromone. Aliwaambia wenzake, "Huyu tumetoka tumbo moja. Pondeni mawe yenu bila wasiwasi."

"Mimi niko tayari, baba," Ciakuthii alisema. "Ni mpaka barua ije tu. Na kiti cha mama kisichukuliwe na watu wengine."

Njagi alimtazama Mbaabu. "Utamwita?"

"Kwa jina. Nisipomwita, Mungu anikate ulimi."

Njagi akakubali. Jiwe lilikuwa bado linachuruzika maji.

*

Jumapili walirudi kutoka kanisani saa nane na nusu, wakala, wakapumzika. Jioni Njagi alipopita jikoni aliona kwamba jiwe lilikuwa na vumbi.

Aliinama kulichunguza. Vumbi la Karurumo ni jekundu. Hili lilikuwa la kijivu, jepesi kama unga. Ndani ya kile kishimo mlikuwa na vipande vitatu vya kokoto, kingo zake kali, na palinuka kama kiberiti kilichowashwa na kuzimwa papo hapo. Hiyo ndiyo harufu ya jiwe lililopigwa. Makandi alikuwa akirudi nayo nyweleni kila jioni.

Njagi aliamua kuwa ni watoto wa jirani. Akavitupa vile vipande nje ya ua, akapangusa jiwe, akanawa mikono.

Alikuwa mtu wa kupenda maelezo. Alisomea Kiswahili na historia chuo kikuu, akatoka na shahada nzuri, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa mwalimu wa bodi, anayelipwa na shule yenyewe, katika shule ya kutwa, akisubiri kuajiriwa na serikali. Makandi hakuweza kusubiri. "Tumbo halina subira ya serikali," alisema, akaenda kujiunga na wanawake wa kokoto. Njagi aliona haya mwanzoni. Baadaye alizoea, na hilo sasa lilimuumiza zaidi kuliko haya.

Kulikuwa na mzaha mmoja katika nyumba ile, uliodumu miaka ishirini. Makandi alijibu karibu kila kitu kwa neno moja, fupi, lililokatwa mwishoni kama uzi: "Eee." Umefunga mlango? Eee. Unanisikia? Eee. Naye Njagi angesema, "Eee si jibu, Mama Ciakuthii. Jibu kwa sentensi kamili." Na Makandi, bila kuinua kichwa, "Eee, mwalimu."

Alikufa siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro ishirini alasiri. Mbaabu alieleza kwamba alimwita, naye akaitika; kwamba jiwe liliposhushwa alikutwa chini yake; kwamba bila shaka alikuwa amerudi kuchukua mpira wake. Afisa aliyetoka mjini alitaka taarifa ya maandishi. Gitobu alimwendea Njagi mwenyewe, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, hapa hakuna mwingine anayejua kuandika kitu kikaeleweka." Njagi aliandika usiku wa kuamkia mazishi, kwa sababu kuandika kulikuwa rahisi kuliko kulala. *Mwitaji alimwita marehemu kwa jina. Marehemu aliitika. Inaaminika kwamba alirudi kuchukua mpira wake.* Afisa alisoma, akasifu mwandiko, akafunga faili. Kosa likawa la Makandi.

Na kwa wiki tatu Njagi alimkasirikia mkewe kidogo, kwa siri, kwa kurudia kipande cha tairi.

*

Jumatatu alirudi kutoka shuleni mapema, akakaa sebuleni kusahihisha insha. Upepo haukuwapo. Ilikuwa ile saa ya alasiri ambapo hata kuku hunyamaza, na ndani ya ukimya huo akasikia nyundo. Tok. Tok. Kisha kimya cha mtu anayegeuza jiwe. Tok.

"Ciakuthii?" aliita.

"Eee," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Akaendelea kusahihisha. Aliweka alama kwenye sentensi mbili nzima kabla hajainua macho dirishani na kumwona Ciakuthii akifungua lango, pakiti ya unga kwapani, akitoka dukani.

Njagi hakusogea. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro ishirini.

Jikoni hakukuwa na mtu. Jiwe lilikuwa mahali pake, na juu yake vumbi jipya la kijivu, na ndani ya kishimo vipande vitatu.

Hakumwambia binti yake. Siku ya pili alijifungia jikoni mapema, akaketi kwenye kigoda, saa yake ya mkononi juu ya goti. Aliona aibu kama mwanafunzi anayengoja majibu asiyostahili. Nyundo ilianza. Hakuona nyundo, ile ya Makandi ilikuwa imetundikwa ukutani, haitikisiki. Lakini vumbi liliruka juu ya jiwe kila pigo liliposikika.

"Makandi?" alinong'ona.

"Eee."

Alikuwa ni yeye. Haikuwa sauti ya kuzimu, wala ya kilio. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeshika kazi mikononi.

"Unanisikia?"

"Eee."

"Uko salama?"

"Eee."

Njagi akafunika uso kwa mikono na kulia kwa namna ambayo hakulia kaburini. Kwa siku mbili zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha. Aliomba ruhusa shuleni kwa uongo, yeye ambaye hakuwahi kudanganya kuhusu hata dakika tano. Alimtuma Ciakuthii sokoni kununua vitu wasivyohitaji. Alimuuliza Makandi kama anakumbuka mvua ya siku ya harusi yao, kama amemsamehe kwa mambo mawili aliyoyataja kwa jina, kama anamwona. Eee. Eee. Eee. Aligundua kwamba sauti ilijibu kila mara kwa kiimbo kilekile, kwa urefu uleule, kama muhuri. Aliligundua hilo na akakataa kulifikiria.

Siku ya Alhamisi, akiogopa kwamba dakika zimekwisha, aliuliza upesi, "Hujaondoka?"

"Eee."

Akatabasamu. Hajaondoka. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, maana mwalimu aliyekuwa ndani yake alikuwa amesimama mbele ya ubao.

Kila mwaka aliwafundisha kidato cha pili jambo hili, na kila mwaka walikosea, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimewachanganya. Ukiulizwa "Umekula?" ukajibu "Ndiyo," umekula. Ukiulizwa "Hujala?" ukajibu "Ndiyo," una njaa. Neno ni lilelile. Ukweli wote umo katika swali.

*Marehemu aliitika.* Aliandika hivyo kwa mkono wake. Aliuliza saa, akauliza uzito wa jiwe, akauliza majina ya wanaume wawili wa mtalimbo. Hakuuliza swali lilikuwa gani.

*

Ijumaa asubuhi alimpata Mbaabu akinywa uji kwenye kibanda karibu na barabara.

"Siku ile ulimuuliza nini hasa?"

"Nani?"

"Dada yako."

Mbaabu alipuliza uji uliokwisha kupoa. "Nilimuuliza kama ametoka. Si nilikuambia?"

"Kwa maneno gani?"

"Mwalimu, maneno ni maneno. Niliita, akaitika. Unataka kumfufua na sarufi?" Alisema hivyo akicheka, lakini hakumtazama. Kisha akashusha sauti. "Shemeji, pumzika. Umekonda. Jumatatu nitakuwa na mtoto wako chini ya macho yangu. Si hiyo inatosha?"

Njagi hakurudi shuleni. Aliteremka mpaka Ishiara, kwa Mbarak.

Mbarak alikuwa mchinjaji. Alikuwa pia msomaji wa dua, na Waislamu wa pale sokoni, pamoja na Wakristo wasiotaka mchungaji wao ajue, walimwita nyumba iliposumbuka. Alimsikiliza Njagi nyuma ya bucha, akisugua vidole kwa ndimu kuondoa harufu ya nyama, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Sauti inajibu tu? Haianzi yenyewe?"

"Inajibu tu."

"Na jiwe lilitoka timboni." Mbarak alikausha mikono. "Baba Ciakuthii, majini wa watu wana maneno mengi, na nusu yake ni uongo. Huyu si wa aina hiyo. Huyu ni wa mwamba. Hana sauti yake. Ukipiga kelele mbele ya mwamba, nani hukurudishia? Ndiye huyo. Kazi yake ni kurudisha tu. Hajui kutunga."

"Kwa hiyo siyo Makandi."

"Sauti ni ya Makandi. Aliyeishika siye." Alimtazama kwa huruma. "Sauti ikitumwa, isipokelewe na yule iliyekusudiwa kumfikia, hubaki mikononi mwake. Ataibeba mpaka apatikane wa kuisikia. Unasikia jibu tu kwa sababu kila siku wewe ndiye unayeuliza. Unamziba mdomo. Keti naye usiulize kitu. Utasikia na swali lake."

Njagi alimsogelea. "Nataka usikie nami."

"Nitakuja Jumapili. Lakini jua mambo mawili. Nikimwondoa, ataondoka na sauti, na mkeo hutamsikia tena. Na huyu hapendi kuondoka mikono mitupu."

*

Jumapili Mbarak alifika saa tisa, kanzu safi, bakuli la maji mkononi. Walikuwa wamekubaliana mambo yafanyike wakiwa wawili tu, lakini kabla hawajaketi, Mbaabu aliingia bila hodi, kama mtu wa nyumba. Alikuwa na mpira mpya mkononi. Aliukata mwenyewe kutoka tairi la lori, akasugua kingo zake kwa msasa.

"Ciakuthii, pima hii. Kesho ndiyo kesho." Akamwona Mbarak, akasita. "Kumbe nyama imekuja kwetu leo?"

"Nyama iko Ishiara," Mbarak alisema. "Mimi nimekuja kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Keti, shemeji," Njagi alisema. "Kunywa chai."

Ciakuthii akamimina. Aliona uso wa babake, akaketi bila kuambiwa. Walikaa jikoni wote wanne, jua la alasiri likiingia mlangoni na kulala juu ya jiwe. Mbarak alisoma kwa sauti ya chini, midomo ikisogea tu, akinyunyiza maji kwa ncha za vidole. Maji yaliyoangukia jiwe hayakuenea. Yalizama, kama yanavyozama mchangani.

Nyundo ikaanza.

Ciakuthii alishika mkono wa babake. "Baba," alinong'ona, "hiyo nyundo ni ya mama."

"Usiulize kitu," Njagi alinong'ona. "Mtu yeyote asiulize kitu."

Tok. Tok. Vumbi likaruka. Na safari hii, kwa sababu hakuna aliyeuliza, nyundo haikukatizwa, ikaendelea, na nyuma yake zikaanza kusikika sauti nyingine ambazo Njagi hakuwahi kuzisikia jikoni pale, mwanamke akikohoa mbali, chuma kikikwaruza mwamba mahali fulani juu ya dari, kokoto zikimiminwa kutoka kwenye karai, lori likinguruma bila kuondoka kama linavyonguruma lori ambalo dereva wake ana haraka, na harufu ya kiberiti ikazidi mpaka macho yakawawasha, na kuta za jikoni zikaonekana kusogea mbali ingawa hazikusogea, mpaka Njagi akahisi kwamba ameketi chini ya kitu kirefu mno ambacho hathubutu kukiinulia macho. Na ndipo kutoka ndani ya jiwe, wakati Mbaabu ameketi mbele yao midomo yake imefungwa kwenye ukingo wa kikombe, ikatoka sauti ya Mbaabu, kubwa, yenye kuchoka, sauti ya mtu anayesema jambo alilolisema mara elfu.

"Makandi! Hujatoka?"

"Eee."

Sauti ya mwanaume mwingine, kutoka juu, yenye kubeba uzito: "Ametoka?"

Na sauti ya Mbaabu: "Ameitika. Shusheni."

Kikombe kilianguka sakafuni. Hakuna aliyekitazama, kwa maana jiko lote lilikuwa limejaa mlio wa jiwe kubwa likilegea, taratibu kwanza, kama mlango mzito, kisha kwa ghafla kabisa. Sufuria zilitikisika rafuni. Vumbi la kijivu likawashukia vichwani, likaingia kwenye chai, kwenye kope za Ciakuthii, kwenye kanzu ya Mbarak. Halafu kimya.

Halafu, ndani ya kimya kile, ikaja sauti ya Makandi tena. Ilikuwa ya chini, ya wazi, bila haraka, kama ya mtu anayesahihisha kosa lake daftarini.

"Sijatoka," alisema.

Sentensi kamili.

*

Mbaabu ndiye aliyezungumza kwanza. Alizungumza akitazama vipande vya kikombe.

"Kila siku nilikuwa nauliza hivyo. Hujatoka? Anasema eee, tunaanza kusukuma, anatoka. Jiwe hukaa kabla ya kulegea. Kila siku hukaa. Hiyo siku haikukaa."

"Ulijua eee yake ilikuwa na maana gani," Njagi alisema.

"Lori lilikuwa linangoja."

"Ulijua."

"Nilijua, Mwalimu."

"Na mpira? Ulisema alirudia mpira."

Mbaabu alifuta mdomo kwa kiganja. "Mpira ulikuwa mkononi mwake. Alikuwa bado anaponda."

Ciakuthii alisimama. Aliuokota ule mpira mpya kutoka mezani, akautazama, akauweka mapajani mwa mjomba wake kwa upole wa kutisha. Kisha akaenda kusimama nyuma ya babake.

"Ulikula hapa," Njagi alisema. Sauti yake haikupanda. "Ulinishika mkono kaburini. Uliniacha niandike kwa mkono wangu kwamba mke wangu alijiua kwa uzembe."

"Sikukudanganya! Nilikuambia ameitika. Ameitika, si ni kweli? Wewe ndiye msomi. Wewe ndiye uliandika."

Na lile lilikuwa kweli pia. Mbaabu alitoka bila kuaga, toroli aliyoliletea jiwe ikabaki uani.

Mbarak alijipangusa vumbi. "Umesikia ulichopaswa kusikia," alisema. "Sasa ni juu yako. Ukiliacha jiwe hapa, kila siku saa hii utakuwa naye. Utauliza, ataitika. Wako watu waliochagua hivyo. Nimewazika."

"Na nikitaka aende?"

"Jiwe lirudi lilikotoka. Wito uitwe tena mahali palepale, na aitike mtu wa nyumba yake, kwa maneno yasiyoweza kugeuzwa. Basi."

Alipoondoka, Njagi na binti yake walifagia vumbi. Walijaza makarai mawili. Jua lilipotua, Njagi alichukua karatasi, akaandika taarifa upya. Sentensi ya kwanza ilikuwa: *Kosa katika taarifa iliyotangulia ni langu, sikuuliza swali lilikuwa gani.* Ya pili ilikuwa swali lenyewe, na ya tatu jibu, na maana yake. Aliisoma mara mbili. Haikuwa na neno la kuongeza.

*

Kesho yake asubuhi, Ciakuthii hakwenda timboni. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akatia taarifa ndani ya bahasha, akaenda mjini kwa yule afisa, akiwa ameagizwa asiiache mezani bali aisubiri isomwe mbele yake.

Njagi aliinua jiwe, akalitia kwenye toroli pamoja na nyundo na mpira wa Makandi, akateremka nalo bondeni. Njia ilikuwa na mawe, na mara mbili toroli ilitaka kupinduka. Jiwe lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Makandi hakuwahi kumwambia lina uzito gani.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuketi. Kiende, aliyekaa jirani na Makandi miaka yote ile, alimwona akija na shati lake la shule.

"Mwalimu, umepotea? Ubao uko kule juu."

"Najua uliko, Mama. Alikuwa akikaa wapi?"

Kiende akaacha kucheka. Akaonyesha kwa nyundo yake. Palikuwa chini ya mwamba kabisa, mahali palipokuwa na kivuli mpaka saa nne. Njagi alilaza jiwe pale, akaketi nyuma yake, akavua koti, akalikunja kwa makini. Aliweka kipande cha mwamba ndani ya mpira. Alipiga mara moja, vibaya. Akapiga tena.

Juu, wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuingiza mitalimbo katika ufa. Kati ya juu na chini alisimama Mbaabu, macho mekundu, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "toka hapo. Tafadhali."

"Uliza," Njagi alisema.

"Shemeji—"

"Uliza kama unavyouliza kila siku."

Nyundo za wanawake zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mbaabu alitazama juu, akatazama chini. Alilowesha midomo. Akajaza kifua hewa kama mwitaji, akafungua kinywa, na hakukutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, ulimi ukaonekana ukijipinda, na hakikutoka hata kikohozi. Akashika koo kwa mkono mmoja.

Ndipo wito ukaja. Haukutoka alikosimama. Ulitoka chini, katikati ya magoti ya Njagi, ndani ya jiwe, kwa sauti ya Mbaabu, kubwa na yenye kuchoka.

"Hujatoka?"

Njagi alisubiri. Alijua kwamba akisubiri tu, bila kusema neno, mkewe angeitika. Alijua pia ni kwa muda gani angeweza kuendelea kusubiri, na ni wanawake wangapi wangeketi chini ya mwamba ule huku akisubiri. Aliweka kiganja juu ya kile kishimo, ambacho kilikuwa na joto.

"Sijatoka," alisema, kwa sauti ya darasani, ili wa juu wasikie. "Mimi Njagi sijatoka. Msishushe."

Akasikiliza. Ile "eee" haikuja.

Juu ya mwamba, mtalimbo wa kwanza uliwekwa chini, kisha wa pili. Mbaabu alikuwa amepiga magoti, akifungua na kufunga kinywa ambacho sauti yake ilikuwa imechukuliwa. Njagi alirekebisha mpira kuzunguka jiwe kama alivyoona Kiende akifanya, akainua nyundo, na akaendelea kupiga.